Babu Zake Nguruwe

Palikuwa na nguruwe kijana mwenye domo kubwa kuliko tumbo lake. Daktari wa mifugo alipoleta sindano ya kuwahasi madume bila kisu, ili nyama yao isinuke, wenzake walipanga foleni. Yeye akabenua mdomo.

"Sindano ya nini? Babu zangu wote walihasiwa kwa kisu, wala hawakulia! Nami nataka kisu."

Mwenye banda akaanza kukinoa.

Maksai, ng'ombe aliyehasiwa kwa kisu hichohicho zamani, akacheka mpaka akasahau kucheua. "Kijana, umewahi kusikia yeyote akiniita babu?"

Nguruwe akafikiri. Akafikiri tena. "Kumbe babu zangu..."

"Walikimbia!"

Nguruwe akatimka mpaka mbele ya foleni. "Jamani nipisheni, daktari ananingoja!"