Kaburi la Asajile

Tumpe alimpokonya shemeji yake jembe, akapiga pigo la kwanza mwenyewe. Udongo mweusi wa kijiji cha Masoko ulikuwa umelowa mvua, ukang'ang'ania jembe. Waombolezaji waliokaa kwenye migomba walipomwona mwanamke anachimba kaburi, waliinuka wote.

"Shemeji, acha. Unatutia aibu," alisema Ambwene.

"Aibu mmeileta ninyi. Mume wangu amelala ndani tangu jana, na kengele ya kanisa haijalia."

Ambwene alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na pia mzee wa kanisa. Ndiye aliyeleta sharti la baraza la kanisa asubuhi ile. Mjane asimame mbele ya watu, aseme kwamba Yesu ni Mungu, na kwamba Asajile alipotea alipofundisha vinginevyo. Akishasema, mchungaji atakuja, kwaya itaimba, wanaume watachimba. Asiposema, azike mwenyewe.

"Ni neno moja tu," alisema Ambwene, sasa kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Huyu ni mdogo wangu. Unadhani mimi nimepata usingizi? Liseme, tumzike vizuri. Linakuwia zito hivyo?"

"Chimba, shemeji. Au nipishe."

Yote yalianza biashara ya kahawa ilipofunguliwa. Malori ya watu binafsi yalikuja kununua kahawa, na pamoja nayo wakaja wahubiri wa kila namna, wenye vipaza sauti na vitabu vidogo. Asajile alipeleka kahawa Tukuyu, akarudi na fundisho: Yesu ni Mwana wa Mungu, mkubwa kuliko malaika wote, lakini si Mungu. Akalisema sokoni, akalisema shambani, mwisho akalisema kanisani, amesimama wima, mchungaji akiwa bado mimbarini.

Wakamtenga. Jumapili lilipotangazwa jina lake, Tumpe aliinuka kwenye benchi la akina mama, akamshika mkono binti yao Tulia, akatoka pamoja na mumewe. Hakurudi tena. Akina mama walipokwenda kumbembeleza, aliwajibu kwamba mlango uliomtoa Asajile ndio huo huo uliomtoa yeye.

Basi watu wakajua naye ameingia huko. Na jioni, waliopita karibu na jiko lao waliwasikia na Biblia zao, sauti ya mume imepanda, ya mke imepanda zaidi, mistari inarushwa huku na huku.

"Amemfundisha, na ameiva," walisema.

Kisha homa ikamchukua Asajile katikati ya msimu wa kuchuma kahawa.

Tumpe alichimba mpaka shimo likamfika magotini na viganja vikachubuka. Ambwene alisimama palepale, uso umelowa, hakusogea. Wanaume wa kanisa nyuma yake nao hawakusogea. Ila jirani mmoja, Winfrida, alijifunga kanga kiunoni, akashuka shimoni na jembe lake.

"Ndaga," Tumpe alimshukuru, bila kuinua kichwa.

Mchana pikapu ilifika kutoka Tukuyu. Walishuka wenzake Asajile wa ile imani mpya, watu wachache waliovaa tai, wakiongozwa na mwalimu aitwaye Ackson. Hawakuuliza kitu. Walivua makoti, wakapokea majembe, wakamaliza kaburi.

"Umeishika kweli, dada," Ackson alimwambia Tumpe, akijifuta jasho. "Wamekubana, hukutetereka. Asajile alituambia habari zako. Alisema nyumbani hapati nafasi ya kupumua kwa maswali ya mke wake."

"Alisema hivyo?" Tumpe alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, na papo hapo machozi yakamtoka.

"Mara nyingi. Kundi letu sasa ni kundi lako."

Tumpe alikwenda kumshika Tulia mkono.

Jeneza lilipokwisha kuteremshwa, Ackson aliomba. Lakini baada ya amina hakufunga Biblia. Aliwageukia watu wa kanisa, akaanza kuwaeleza kwa nini Mwana hawezi kuwa sawa na Baba. Ambwene akamjibu kwa mstari. Ackson akampa mwingine. Ambwene akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi, na hapo wakabishana, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakinyoosheana vidole juu ya marehemu. Tulia akaanza kulia kwa sauti.

"Nyamazeni!" alipiga kelele Tumpe.

Vidole vikashuka.

"Wewe, shemeji, umekataa kumzika ndugu yako. Nawe, kaka, nilidhani umekuja kuzika, kumbe umekuja kuhubiri. Huyu ni mume wangu. Nitamwombea mimi."

"Omba, dada," alisema Ackson, akainamisha kichwa kwa heshima. "Waache wasikie."

Ambwene alirudi nyuma hatua kadhaa na kukunja mikono, kama mtu anayesubiri kufuru. Wanaume wengine wa kanisa wakaanza kuondoka.

Tumpe alipiga magoti kwenye udongo uliofukuliwa, viganja vyake vimejaa matope na damu. Aliomba kwa sauti iliyowafika hata wale waliokwisha kushika njia.

"Bwana Yesu, Mungu wangu, huyu anayekuja kwako ni Asajile. Nimebishana naye juu yako kila jioni mpaka alipougua, akakataa kunisikia. Sasa mwambie mwenyewe wewe ni nani, na akiendelea kubisha mvumilie, kama nilivyomvumilia mimi."