Kamba wa Mtoni Bwawani

"Kule mtoni wanakula magugu tu, Mama Tunu. Nimewaona mwenyewe," Shomvi alisema, ameshika ndoo ya kamba.

"Mtoni magugu yapo. Humu bwawani yako wapi?" mkewe alifoka. "Humu watakuta vifaranga vya samaki wangu, basi."

"Acha hizo! Kamba atamkamataje samaki?"

Mama Tunu alichota vifaranga kwa bakuli, akamtumbukiza kamba mmoja. Kamba alitulia. Shomvi akacheka. Mara gando likafyatuka, kifaranga kikakatika katikati.

Mama Tunu akachungulia ndoo. "Ulisema umevua ndoo nzima, Baba Tunu. Wengine wako wapi?"

Shomvi aligeukia bwawa.

Mama Tunu alijifunga kanga kiunoni, akanyakua wavu, akaingia majini. Chini ya nyayo zake, tope lilikuwa linatembea.