Mtu wa Nane

Fundi wa kompyuta hakutaka kuhamishia kwenye seva mpya sanduku la barua pepe la mtu asiyekuwepo. Akawa anapigia simu tawi moja moja, watu wahesabiwe.

Tawi la tatu, ambalo hakuwahi kulikanyaga, lilikuwa na masanduku saba.

"Tuko wanane," alisema katibu muhtasi.

"Hesabu tena, dada. Taratibu."

Fundi alivisikia viatu vya katibu vikigonga sakafu, meza hadi meza. Akawa anaibonyeza bandeji ya kidole gumba. Bati la seva lilikuwa limemkata asubuhi ile.

"Wanane. Nimemhesabu na fundi mwenzako wa makao makuu. Amekaa dirishani tangu saa tatu, katulia kama maji mtungini."

"Makao makuu kuna fundi mmoja tu, dada. Ni mimi."

Katibu alishusha sauti. "Huyu ana bandeji kwenye kidole gumba."

Fundi alikitazama kidole chake. Damu ilikuwa imeanza kupenya.

"Ngoja," katibu alinong'ona. "Amenyanyuka, anakuja. Anauliza ni nani huyo anayejiita fundi."