Punje za Mama Perege

Mtoni nako kuna mambo. Mama Perege, kama ilivyo desturi ya ukoo wake, aliatamia mayai yake kinywani bila kuonja chakula. Vifaranga wakaanguliwa, wakatoka kuogelea, lakini mama yao akabaki vilevile, kinywa kimejaa, amekonda kama ng'onda.

Jirani yake Kaa, mjuaji asiyeweza kunyamaza, akamchungulia mdomoni.

"Shoga! Hayo si mayai, ni punje za plastiki, zile za sabuni ya uso wanayonawia watu kule juu. Mapenzi yamekutia upofu!" Akachomoa moja, akaibana kwa gando, isipasuke. "Unaona? Haianguliwi wala haiozi. Ziteme, ule!"

Mama Perege akajibu kwa pembe ya mdomo, "Nilijua tangu mwanzo, mwenzangu. Lakini wanangu wale, kila king'aacho hudhani ni chakula. Nionyeshe pa kuzitemea nje ya mto, nami nitazitema sasa hivi."

Kaa akatazama juu ya mto, akatazama chini. Vifaranga wakamjia mbio, macho yote kwenye ile punje. Akalifumba gando lake taratibu.

Mpaka leo hajalifumbua.