Wiki Mbili za Mkurugenzi Wodini

Mkurugenzi alikuwa ameitupa tai begani ili isiingie kwenye beseni, na alikuwa akimsugua mgongo Mzee Sailosi kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua.

"Taratibu, bosi," mzee alilalama. "Huo ni mgongo, si faili."

Sista Vasiti, msimamizi wa wodi ya wanaume, aligeukia ukutani acheke. Alikuwa na haki. Huyu Bwana Apisai Tuiwawa, mkuu wa wauguzi wote wa mkoa ambaye hakuwahi kuwa muuguzi hata siku moja, ndiye aliyesema redioni mwezi uliopita kwamba wanaokimbilia Australia kuosha wazee wa watu wameisaliti Fiji. Uuguzi ni wito, alisema, si mshahara. Vasiti aliisikiliza hotuba hiyo mkono mmoja ukishika dripu na mwingine ukishika ndoo ya matapishi. Huo wito nenda nao dukani, uone kama utapewa hata samaki wa kopo.

Wauguzi tisa walikuwa wameondoka tangu Krismasi. Zamu ya mchana ilibaki na wawili, yeye na Litiana, kwa wagonjwa thelathini na mmoja. Vasiti alikuwa ameandika barua tatu kuomba wauguzi wanne tu. Jumatatu shauri lingekatwa: ama waletwe, ama wodi ifungwe na wazee hawa wapakiwe kwenye basi, mwendo wa saa nne, hadi hospitali ya mjini. Wengine wasingefika. Na neno la mwisho lilikuwa la huyu mwenye tai begani.

Baada ya barua ya tatu ndipo alipotokea mwenyewe. "Nataka kuiona kazi kwa macho yangu," alisema.

Vasiti hakumhurumia. Alimpa vyombo vya mkojo. Alimpa meno ya bandia ya Mzee Sailosi ayapige mswaki. Mtu akafanya yote, wiki ya kwanza, na ya pili akarudi, tena akiuliza kama mwanafunzi: mgonjwa mzito anageuzwaje bila kujivunja kiuno? Asiyetaka kula analishwaje? Majibu aliyaandika kwenye kijidaftari.

"Sista, mtu kaingiwa na aibu," Litiana alinong'ona.

"Aibu gani! Ni kiuno hicho kinamfundisha. Kiache kiseme naye."

Ijumaa, zamu ilipokuwa ikiisha, Mkurugenzi aliingia na furushi la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, lililofungwa kwa gazeti. Akaikunja sulu, kikoi chake cha ofisini, akaketi sakafuni mbele ya meza ya wauguzi, akaliweka furushi miguuni pa Vasiti kwa mikono miwili.

Wagonjwa wakajiinua kwa viwiko watazame. Mtu wa cheo hakai chini bure. Ana ombi, na ukiliokota furushi lake umelikubali ombi, hakuna kurudi nyuma.

Alianzia mbali, kama ada ilivyo. Akakisalimu kijiji cha Vasiti, akausalimu ukoo wake, akautaja hata mto wao. Kisha maneno yakafika wodini. Akakiri kwamba alisema ovyo redioni. Kwamba hakujua kazi hii ilivyo nzito. Kwamba anayeifanya anastahili malipo ya mtu, si ya kuku. Hapo sauti ikamkwama.

"Meza mate, bosi, maneno yashuke!" Mzee Sailosi alimchochea kutoka kitandani.

Vasiti aliiona Jumatatu nzima mbele yake: wauguzi wanne wakishuka garini na mabegi yao, na hakuna mzee anayepakiwa popote. Mkono ukamtoka wenyewe.

"Sista, ngoja," Litiana alimvuta nguo. "Hajasema anaomba nini."

"Anaomba msamaha, mwanangu. Aliyekaa chini namna hii ataomba nini kingine?"

Akaliokota furushi, akalipakata, kisha akapiga makofi ya kukubali, yale mazito ya viganja vilivyokunjwa kama bakuli, mbele ya mashahidi thelathini na mmoja.

Mkurugenzi alishusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa ncha ya tai.

"Vinaka, asante sana, Sista. Basi uniandikie barua. Kuna nyumba ya wazee kule Toowoomba, Australia, wanataka sahihi ya muuguzi kwamba nimeosha watu wiki mbili kamili. Mke wangu yuko huko tangu Pasaka, na anasema zamu yao ya asubuhi bado imepungukiwa na mtu mmoja."