Macho ya Baba Mkwe

Kwetu Tukuyu, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Kwa miaka tisa nilimwandalia Mzee Mwaipasi chakula huku nimegeuza uso.

Lakini siku hizi sheria inataka kila mtu mzima apigwe picha ya ndani ya jicho kila asubuhi, na mtu wa nyumbani kwake, ili ijulikane kama shinikizo limepanda ndani ya fuvu. Mzee alikuwa akipigwa picha hiyo na mume wangu, Ambakisye, mpaka mume wangu alipohamishiwa kazi Mtwara.

“Weka kamera dirishani uondoke,” mzee akaniambia. “Nitajipiga mwenyewe.”

Siku tatu mfululizo alipiga picha za dari.

Siku ya nne akamimina chai nje ya kikombe, akalalamika kwamba kichwa kinamgonga. Nikaona sasa heshima hii itatuulia mtu.

“Nisamehe, baba,” nikasema, nikamshika kidevu, nikamtazama.

Macho yake ni ya mume wangu kabisa. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Kamera ilionyesha mshipa wa fahamu wa jicho umevimba. Gari la wagonjwa likaja chai ikiwa bado ya moto, na madaktari wakamwahi.

Aliporudi baada ya wiki mbili, asubuhi nilimkuta barazani ameshavua kofia, ananisubiri. Nilipomaliza kumpiga picha, akaichukua kamera mkononi mwangu.

“Na wewe, tangu Ambakisye aondoke, nani anakupiga picha?”

Nikatazama sakafu. Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu Jumapili, na sikuwa nimemwambia mtu.

“Inua macho, mwanangu.”