Panya Anayekula Kabureta

Mzee Spana alipoingia bafuni na kuanza kuimba, mkewe aliacha chai jikoni, akafunga aproni, akatoka kwenda kuiba uani.

Alimwibia mumewe mwenyewe, tena mchana kweupe, na wala hakuona haya. Kazi ngumu haikuwa kuiba. Kazi ilikuwa kurudi baadaye na kutoa pole.

Katikati ya uwanja lilisimama lile dude: trekta dogo la kukatia nyasi, lililoinuliwa juu kama linataka kuvuka mto. Fremu ilikuwa ya kitanda cha chuma, injini ya pampu ya maji, giaboksi ya pikipiki ya mizigo, kiti cha basi bovu, na magurudumu yake yalikuwa na meno ya kutisha watoto. Vyote vilitoka kwa muuza vyuma chakavu. Mzee Spana alikusudia lipande mteremko wa mawe nyuma ya nyumba, ambako nyasi zilifika kifuani na hakuna fyekeo lililowahi kufika juu.

"Siku litakapofika kule," alipenda kusema, "nami nitapumzika."

Moyo wa mkewe ulifanya paa kila aliposikia neno hilo. Kupumzika! Si alishamwona akipumzika? Mwaka ule alipostaafu karakana, mwaka huohuo kitinda mimba wao alipoolewa mbali, mzee alijilaza kitandani akageukia ukuta. Miezi ikapita. Mama wa watu hakutoka chumbani. Hakupika, hakusuka nywele, hakwenda hata kwa jirani. Alikaa palepale kitandani akimwuguza, na chakula walicholetewa kilirudi kilivyo. Kisha siku moja mzee aliinuka, akaenda, akarudi akiburuta injini mbovu mpaka uani. Tangu hapo nyumba ikawa na watu tena. Sasa nani mwenye akili zake angemwacha amalize?

Alianza na waya, akauficha kwenye maharage. Siku hizi alijua plagi, alijua klachi, alijua cheni ikivuliwa huanzia wapi. Aliamka na jogoo kupanga shambulio la siku. Kifaa akishakichoka alikirudisha kimyakimya chini ya sanduku la zana, na mzee alikiokota kwa kelele.

"Kumbe kilikuwa hapa! Panya hawa!"

"Panya, baba watoto," mkewe aliitikia. "Tutafute paka."

Leo lakini palikuwa na kasheshe. Jana jirani yao, fundi wa kuchomelea, pande la mtu, alikuja kusaidia. Alikaza kila nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, halafu akaapa kwamba kesho asubuhi trekta litawaka, litake lisitake. Na vidole vya mama vilikuwa vimeanza kumuuma. Siku hizi hata kufungua chupa ilikuwa vita. Alijua wazi kwamba akishindwa leo, trekta litapanda mlima, na mzee wake atarudi kuutazama ukuta. Safari hii huenda asiinuke.

Alisoma dua fupi, akaweka spana kwenye nati ya kabureta.

Ikazunguka yenyewe, laini. Ya pili vilevile.

"Mungu hamtupi mja wake!" alinong'ona, akatia kabureta kwenye mfuko wa aproni na kukimbilia ndani. Bafuni wimbo ulianza upya kuanzia ubeti wa kwanza, kwa sauti kubwa zaidi. Mzee huyu alikuwa anakawia kuoga siku hizi! Mke akacheka peke yake. Uzeeni ndiko kujipenda kumemjia.

Fundi alifika kabla chai haijapoa. Alivuta kamba ya kuwashia, akavuta tena, akavuta mpaka shati likalowa. Injini haikutoa hata kikohozi. Akainama kuchungulia.

"Mzee! Kabureta haipo!"

"Panya," alisema Mzee Spana.

"Panya anayekula kabureta?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Mama akawaletea chai, uso umejaa majonzi kama mfiwa. "Pole, baba watoto. Usivunjike moyo, na kesho ni siku."

"Nishapoa, mama. Bila wewe ningekuwa wapi mimi?"

Alirudi jikoni akiimba wimbo uleule wa bafuni, amefurahi hadi anakanyaga kwa madaha. Fundi alingoja mlango ufungwe.

"Mzee, mimi si mtoto. Nati zile nilizikaza kwa nguvu zangu zote. Panya gani atazifungua?"

"Nilizilegeza mimi alfajiri." Mzee alipuliza chai yake. "Vidole vinamsumbua. Juzi alihangaika na plagi mpaka nikaishiwa nyimbo kule bafuni."

"Sasa trekta litawaka lini?"

"Liliwaka zamani, siku moja alipokwenda sokoni. Linanguruma hilo, weye! Nikalizima haraka." Aligeuka kuutazama mlango wa jikoni, akasikiliza ule wimbo, na machozi yakamlengalenga. "Usinikazie tena nati, ndugu yangu; wizi huu ndio unaomtoa kitandani. Mwaka ule binti yetu alipoondoka, mama huyu alikaa kitandani hatoki, hali, hasemi na mtu. Nikaona siwezi kumwacha peke yake. Nikajilaza naye, nikageukia ukuta asinione ninavyolia."